Madamu Aliyemfuga Kijivu

Madamu alinusa kwanza, kisha akasalimu. Wakulima wanaokuja dukani kwangu hapa Voi huleta udongo wa mashamba yao ili niwashauri mbolea ya kununua, na yeye akimkuta mmoja wao kwenye kaunta, hakumuuliza jina. Alifinya udongo kidogo kwa vidole viwili, akaupeleka puani, akafumba macho. "Huu ni wa mlimani," alisema. Au: "Huu umechoka. Umelimwa mahindi kila msimu bila kupumzika." Mwenye udongo alibaki akinitazama mimi, kana kwamba ananiuliza kama mama huyu yuko sawa. Hapo ndipo Madamu alipomwambia, "Habari ya asubuhi," na kufuta vidole kwenye sketi.

Alikuwa mwalimu wa bayolojia aliyestaafu. Watu wazima wengi wa mji huu walipita darasani kwake, ndiyo maana kila mtu alimwita Madamu, hata wazee waliomzidi umri, hata pasta wake. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Niliacha shule mapema nikafanya kazi kiwanda cha katani, baadaye nikafungua duka la dawa za mifugo na mbegu, na ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe, polepole, nikirudia. Tulijuana kwa sababu alinikuta nasoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya sindano ya ng'ombe.

"Inakwambia dawa hiyo imetoka wapi?" aliuliza.

Nikaitazama. "Kiwandani, Madamu."

"Na kiwanda kimeitoa wapi?"

Nikaigeuza karatasi kutafuta.

"Udongoni, Baba Mghoi. Unauza kazi ya udongo kwa chupa, na hujui."

Alikaa kwenye gunia la chakula cha kuku akanieleza. Antibiotiki nyingi tunazotumia, za watu na za mifugo, hazikubuniwa na binadamu. Zilitengenezwa kwanza na bakteria waishio udongoni, hasa jamii moja inayoota kama nyuzi za ukungu na kuupa udongo harufu yake mvua inapoanza kunyesha. Harufu aliyokuwa akiitafuta kwenye udongo wa wateja wangu ilikuwa yao. Viwanda huwafuga bakteria hao ndani ya matangi makubwa na kuwakamua.

Na yeye alikuwa akimfuga mmoja nyumbani kwake. Alimpata katika udongo wa shamba la mama yake kule Wusi mlimani, kwenye tuta lililo chini ya migomba. Juu ya sahani ya maabara bakteria huyo aliota doa kavu, lililofunikwa na vumbi kama majivu, kwa hivyo akamwita Kijivu. Madamu alipopanda bakteria wengine kwenye sahani hiyo hiyo, walienea kila mahali isipokuwa kandokando ya Kijivu. Pale palibaki duara safi, lisiloota kitu. Maana yake Kijivu alikuwa akitoa kitu, na kitu hicho kiliua.

Kuanzia hapo, jambo alilolitaka lilikuwa moja. Alitaka mtu mwenye vifaa bora amwambie kitu hicho ni nini. "Kama kinajulikana, basi, nitakuwa nimefuga kuku wa kienyeji kama watu wengine," aliniambia. "Lakini nataka kuambiwa." Alimwandikia ujumbe mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mtafiti Nairobi. Akajibiwa kwamba mtafiti angekuja mwenyewe akipata nafasi, na Kijivu atunzwe hadi siku hiyo.

Maabara yake ilikuwa chumba cha wageni. Kitanda kilisimamishwa ukutani, na mezani palipangwa sahani za kioo alizonunua shule moja ilipokuwa ikiondoa vifaa vya zamani. Ili chakula cha bakteria kigande alitumia agari, ile wanayopikia faluda kina mama wa Kiislamu mwezi wa Ramadhani. Mwenye duka karibu na msikiti alidhani Madamu anapenda vitamu kupita kiasi. Joto la Voi, linalolaumiwa na kila mtu, yeye alilishukuru. Lilimwondolea haja ya mashine ya kuwatia joto bakteria wake.

Chumba hicho kilikuwa kisafi kuliko zahanati. Alipangusa meza kwa spiriti, akawasha taa ndogo, akachoma waya mpaka uwe mwekundu kabla ya kugusa chochote. Lakini ukivuka korido ukaingia jikoni, ulikuta sufuria za juzi zikisubiri na nzi wakitembea juu ya mkate. Sijui mtu mmoja huwezaje kuwa na mikono miwili ya namna hiyo. Nilimwuliza. Alisema jikoni hakuna anayefanya utafiti.

Sufuria ya presha ndiyo iliyounganisha vyumba hivyo viwili. Humo ndimo alimochemshia sahani zake ili kuua kila kilicho hai, na humo humo alichemsha maharagwe. Mdogo wake, Wakesho, alipoteremka kutoka Wusi kumtembelea, alifunua kifuniko kwanza kabla ya kuvua viatu.

"Leo tunakula maharagwe ama tunakula wanafunzi wako?"

"Wamekufa, Wakesho. Presha inaua kila kitu."

"Hata nyama imekufa. Haimaanishi nitakula ya kila mtu."

Madamu alicheka mpaka akashika kiuno. Wakesho peke yake ndiye aliyeweza kumchekesha hivyo. Alikuwa mjane, ndiye aliyebaki mlimani akilima, na shamba la mama yao lilikuwa limegawiwa kwake mbele ya wazee.

Watu wengine Madamu aliwachosha. Alikuwa na swali moja alilolitumia kama fimbo: "Umeona ama umefikiria?" Mteja wangu mmoja alisema mbuzi wake amepona kwa sababu ya sindano. Madamu akamwuliza kama kulikuwa na mbuzi mwingine mgonjwa ambaye hakudungwa. Kulikuwa naye. Naye amepona? Amepona. "Basi umefikiria," alisema, na yule bwana akaondoka na hasira yake, akahamia duka lingine. Nilimlalamikia. Alijibu kwamba amenipunguzia mteja mmoja asiyefikiri sawasawa.

Aliwakemea pia wanaonunua vidonge viwili vya antibiotiki wakati dozi ni ya wiki nzima. Alisimama nao barabarani kabisa, akawaeleza jinsi wanavyoua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye nguvu. Yote ni kweli. Lakini siku moja Wakesho alinifungulia bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati la dada yake, na ndani yake mlikuwa na vipande vya pakiti za dawa, kila kimoja kimebaki na vidonge vichache. "Huyu ndiye mhubiri wenu," alisema. Madamu alimnyang'anya bati hilo.

Lakini alifundisha vizuri, hilo sitalipunguza. Nilipomwuliza bakteria asiye na ubongo anajuaje kutengeneza dawa, hakunichorea kitu. Aliniuliza juu ya kiwanda cha katani.

"Jani likiingia, nani anafanya nini?"

Nikamtajia: wa kupanga majani, wa mashine ya kukamua, wa kuosha, wa kuanika, wa brashi, wa kufunga marobota.

"Kuna mmoja anayeweza kutoa robota peke yake?"

"Hakuna."

"Sasa umeelewa."

Ndani ya bakteria wafanyakazi hao ni vimeng'enya. Kimoja huunganisha vipande viwili vidogo, cha pili huongeza cha tatu, kingine hupinda, kingine hupachika kitu pembeni, mpaka mwisho dawa inatoka. Kila kimeng'enya kimetengenezwa kwa maagizo ya jeni yake. Jambo lililomfurahisha Madamu ni kwamba jeni za kazi moja hukaa pamoja katika kromosomu, zimepangana kama nyumba za wafanyakazi kwenye laini moja. Ukiipata moja, bisha hodi kwa majirani, huenda ukapata kiwanda kizima.

Katika laini hiyo mara nyingi kuna jeni ya ulinzi, inayomkinga bakteria mwenyewe asife kwa sumu yake. Na kuna jeni ya msimamizi. Hiyo haitengenezi dawa. Inawanyamazisha au kuwaamsha wengine. Kwa kawaida huwaamsha chakula kinapokwisha, wakati nyuzi zinapoanza kuinua vichwa vya kubeba mbegu. Lile vumbi la Kijivu ndizo mbegu zake. Vumbi na dawa huja kwa msimu mmoja, msimu wa njaa.

"Kwa nini sasa anaitoa? Ni silaha?" niliuliza.

"Wengi wanasema silaha. Wengine wanasema ni namna ya kuzungumza na majirani. Mimi nimeona duara tu."

Kisha likaja jambo la mguu wa Wakesho. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na jiwe lilimkata kidole cha mguu akiwa shambani. Kidonda hakikufunga. Hospitali ilimpa dawa moja, kisha nyingine, na bakteria waliomo kidondani walizizoea zote mbili. Akaja kukaa kwa dada yake ili awe karibu na daktari. Nilipita hapo mchana mmoja kuleta chakula cha kuku nikawakuta wanabishana. Wakesho alikuwa ameuweka mguu juu ya kiti.

"Dada, kile kitu chako kinaua ama hakiui?"

"Kinaua bakteria wa nyasi." Ni kweli. Madamu hakukubali kamwe kufuga vijidudu vya ugonjwa ndani ya nyumba. Kijivu alijaribiwa kwa bakteria wasio na madhara, wale wanaopatikana ukichemsha nyasi kavu.

"Basi nipake."

"Wewe si nyasi, Wakesho."

"Mguu unaoza na dawa iko chumba cha pili!"

"Si dawa. Ni sumu, na sijui inamuua nani mwingine. Inaweza kuua figo zako. Inaweza kukuua wewe mzima."

Wakesho akanigeukia. "Baba Mghoi, mwambie. Wewe si unadunga ng'ombe kila siku?"

Nilimwambia kwamba dawa ya ng'ombe imepimwa na watu wengi kabla ya kunifikia.

"Kumbe nyinyi wawili ni kitu kimoja," alisema, akageuza uso ukutani.

Hospitali ilimkata vidole viwili. Baadaye wakapata dawa iliyofanya kazi, kidonda kikafunga, akarudi Wusi. Aliondoka bila kumuaga dada yake, na msimu mzima wa mvua hakupokea simu yake.

Naamini Madamu alifanya sawa. Naamini pia kwamba kufanya sawa hakukumsaidia kulala. Tangu wakati huo hakutaka tena mzaha wa kuku wa kienyeji. Kijivu alikuwa amemgharimu mdogo wake, kwa hivyo ilikuwa lazima Kijivu awe kitu cha kweli, na ilikuwa lazima afike salama mikononi mwa mtafiti.

Ndipo alipoanza kumlisha.

Kila wiki alimhamishia sahani mpya. Kwanza ilikuwa maji ya viazi. Akaongeza sukari. Akaongeza supu ya kuku, akiichuja mara mbili kwa kitambaa. Sisi watu wa Taita mgeni haulizwi kama ana njaa. Anawekewa chakula mbele, na akimaliza anaongezewa, na mwenyeji mzuri ni yule ambaye mgeni wake anaomba msamaha kwa kushiba. Madamu alilelewa hivyo. Kijivu alikuwa mgeni wake anayesubiri safari, na hakutaka aseme alilala njaa.

Njia ya kumhifadhi bakteria kama huyo ni nyingine, na ni Madamu huyo huyo aliyenifundisha. Unachukua vumbi lake, unalichanganya na udongo mkavu uliopikwa kwenye presha, unafunga chupa, unaiweka gizani bila maji wala chakula. Mbegu hukaa hivyo miaka. Nilimkumbusha.

"Nikimfungia gizani nitajuaje yuko hai?" alisema.

"Lakini wewe ndiye uliyesema…"

"Najua nilichosema. Nataka kumwona."

Mtafiti alikuja kwa treni, binti mrefu, mpole, ambaye bado aliinuka Madamu alipoingia chumbani. Nilikuwa nimealikwa. Madamu alivaa vazi lake la kanisani. Alikuwa ameandaa sahani tatu, zimefunikwa kwa kitambaa cheupe, na alipokifunua nilimwona yule binti akiinama, akaigeuza ya kwanza kwenye mwanga, kisha ya pili.

Doa lilikuwa laini, linang'aa kama limepakwa mafuta. Vumbi la majivu halikuwepo. Kwenye sahani ya majaribio bakteria wa nyasi walikuwa wameota mpaka ukingoni mwake, wamemgusa, hawakujali.

"Madamu," alisema binti, "amekuwa kipara."

Alieleza kwa heshima. Kromosomu ya bakteria wa jamii hii ni uzi ulionyooka, na ncha zake hukatika kwa urahisi. Kukatika huko kunaweza kuondoka na jeni za dawa, au kuharibu zile zinazoleta mbegu. Yule aliyepoteza mzigo huota upesi kuliko wenzake, maadamu chakula kipo na hakuna adui. Ukihamisha wiki baada ya wiki kwenye sahani iliyojaa chakula, basi—

"Nimemchagua mvivu," Madamu alimkatiza. "Kila wiki nilichota palipoota haraka. Nikadhani ndiyo afya."

"Sahani za zamani zipo?"

"Nimezichemsha zote. Nilizihitaji."

Madamu akaenda kupakua chakula. Binti alikula, akaongezewa, akala tena. Ni yeye aliyesema, akiwa mlangoni, kwamba udongo wa Wusi haujaenda popote.

"Shamba ni la Wakesho," Madamu alijibu.

Nilijitolea kupanda mlima kesho yake na kopo. Alinikatalia kwa sauti iliyonifanya nirudi nyuma. Tuta la mtu halichotwi hata kiganja kimoja bila yeye kuombwa, na aliyepaswa kuomba alikuwa yeye. Nilidhani pia kwamba hangeomba. Miezi ilipita. Alipokuja dukani hakunusa udongo wa mtu; alisalimu kama watu wengine, akachukua chakula cha kuku, akaondoka.

Mara ya mwisho nilipowaona pamoja, kabla Madamu hajahamia mlimani moja kwa moja, nilikuwa nimeitwa kurekebisha kitasa cha chumba kile cha wageni. Wakesho ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa ameteremka kwa ajili ya kliniki, na kopo tupu la mafuta ya kupikia lenye masalio ya udongo mwekundu lilikuwa kando ya viatu vyake.

"Alinipigia simu," aliniambia kwa sauti ya kusikika hadi ndani. "Hakuniomba msamaha. Aliniomba udongo!"

"Nilikuomba vyote viwili," Madamu alijibu kutoka chumbani.

"Ulianza na udongo."

"Kwa sababu huo ndio ulikuwa rahisi."

Wakesho alinitazama akainua nyusi. Udongo wenyewe aliuleta siku ya kliniki iliyopita, akiwa ameshuka matuta na fimbo yake kuuchimba chini ya migomba. Leo alikuwa amekuja kuona.

Sahani zilijaa mezani. Nyingi zilikuwa na madoa ya kila rangi yasiyo na duara lolote. Moja tu, pembeni, ilikuwa na doa la majivu, na kandokando yake palikuwa peupe.

"Ndiye yeye?" Wakesho aliuliza.

"Sijui. Ni mmoja wa ukoo huo. Aliyepotea sina namna ya kumlinganisha."

"Utamwitaje huyu?"

"Simwiti."

Aliwasha taa, akachoma waya, akakwangua vumbi. Alilichanganya na udongo mkavu ndani ya chupa mbili ndogo, akazifunga kwa nta. Kisha akaichukua ile sahani yenye duara, akaenda nayo jikoni, akaitia ndani ya sufuria ya presha pamoja na nyingine zote. Mkono wake ulisita juu ya kifuniko. Akakifunga.

"Hata hujamwangalia vizuri!" Wakesho alisema.

"Nimeona duara."

Chupa moja ilikuwa ya mtafiti. Ya pili alimpa mdogo wake.

"Kaa nayo nyumbani kwako. Penye giza. Usiifungue."

"Hata maji nisimpe?"

"Hata maji."

"Maskini," Wakesho alisema, akaifunga kwenye pindo la leso. Akafikiri kidogo. "Yule binti akijua inatibu watu, nani ataambiwa?"

"Wewe. Kabla yangu."

Jibu halijaja hadi ninapoandika haya, na kazi ya namna hiyo huchukua muda. Siku ile Wakesho aliinuka, maana hakutaka kuchelewa kurudi mlimani. Madamu alimzuia kwa mkono, akamketisha tena kwenye kiti. Akapiga magoti sakafuni, taratibu, akijishikilia meza, akasokota pamba akaijaza ndani ya kiatu mahali vidole vilipokuwa. Akamvisha, akafunga kamba.

"Inabana?"

"Kidogo."

Akaifungua, akaanza upya.